ALIYEBAKI NA MIZIGO ANA FUNGU LAKE



Leo sifundishi jinsi ya kuokoa ndoa. Hayo tumeyafundisha na tutayafundisha tena, maana mapenzi ya Mungu ni mume na mke wadumu pamoja. Leo naongea na wewe ambaye ndoa yako imeshavunjika. Wazee wa pande zote mbili wamekaa wakashindwa, maombi yamefanyika, na sasa kilichobaki mezani ni nyumba, ploti, ng'ombe, gari, deni la sacco na watoto. Naongea pia na wewe mzazi, shemeji na mshirika unayetoa ushauri pembeni.

Neno langu ni moja: ndoa inaweza kuvunjika, lakini amri ya Mungu ya kutenda haki haivunjiki nayo. Namna unavyogawana mali na mtu uliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na tano ni jambo la wokovu wako. Usimwachie wakili peke yake.

Fungua 1 Samweli 30, usome kuanzia mwanzo mpaka mstari wa 25.

Daudi na watu wake mia sita wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Wanalia mpaka nguvu zinawaishia. Kisha wanaondoka kuwafuata adui. Wakifika kijito cha Besori, watu mia mbili wamechoka kabisa, hawawezi kuvuka. Wanabaki hapo na mizigo. Mia nne wanaendelea, wanapigana, wanashinda, wanarudisha kila kitu na nyara juu yake.

Wakirudi kijitoni, maneno yanaanza. Baadhi ya wale waliopigana, na Biblia haiwafichi, inawaita watu waovu, wanasema wale waliobaki wasipewe kitu. Unajua walitaka wapewe nini? Kila mtu achukue mkewe na watoto wake aende zake. Basi.

Mpendwa, umewahi kusikia maneno hayo hapa kwetu? "Chukua watoto na nguo zako uende." Kumbe si maneno mapya. Yalisemwa kando ya kijito cha Besori zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na waliyoyasema Biblia imewaandika kwa jina la uovu.

Daudi alikataa. Aliwaambia kwamba mali ile imetoka kwa Bwana, si kwa upanga wao. Akaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyebaki akilinda mizigo ni sawasawa. Na hakuishia hapo. Jambo hilo akalifanya kuwa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Soma tena polepole. Kubaki na mizigo ni kazi. Na kazi hiyo ina fungu.

NANI AMEBAKI NA MIZIGO NYUMBANI KWAKO?

Tuseme kuna baba dereva wa lori, njia yake ni Mombasa hadi Malaba. Wiki mbili yuko barabarani, siku mbili yuko nyumbani. Mshahara ni wake, mkopo wa sacco ni wake, na hati ya ploti ya hamsini kwa mia imetoka kwa jina lake.

Mama alikuwa nyumbani. Ndiye aliyeamka saa kumi na moja kuwatayarisha watoto. Ndiye aliyempeleka mama mkwe kliniki ya sukari kila mwezi. Nyumba ilipoanza kujengwa, ndiye aliyesimama na fundi ili simiti isiibwe, akawapikia vibarua, akamwagilia kuta maji jioni. Kibanda chake cha sukuma wiki kililipa stima na karo, na ndiyo sababu mshahara wa baba ulibaki mzima ukalipa mkopo.

Miaka kumi na minane baadaye, baba amepata mwingine. Mama anaambiwa: "Nionyeshe risiti moja yenye jina lako."

Ndugu yangu, risiti ya simiti haiandikwi jina la aliyewapikia vibarua. Lakini Mungu anamjua. Na nikuambie, siku hizi hata sheria ya Kenya inamjua.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilikuwa zikiamua mambo haya kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba kazi za nyumbani hazihesabiwi kuwa mchango wa kupata mali. Mwanamke alitakiwa aonyeshe pesa. Kisha tukapata Katiba ya 2010. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjwa. Mwaka 2013 Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Ndoa. Sheria hiyo inasema mchango si pesa tu. Inataja kazi za nyumbani na kusimamia nyumba, kulea watoto, kumpa mwenzako uandamani, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani.

Unaona? Bunge lilikuja kuamua mwaka 2013 jambo ambalo Daudi aliliamua kando ya kijito.

LAKINI TUSEME UKWELI WOTE

Sasa dada yangu, kabla hujapiga makofi, sikiliza. Kuna watu wanazunguka wakisema kwamba ukiolewa tu, nusu ya kila kitu ni yako. Si kweli. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba usawa wa Katiba haumaanishi nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja aonyeshe mchango wake, na kila kesi iangaliwe peke yake. Katika kesi hiyohiyo mwanamke alibaki na nusu, kwa sababu mchango wake ulionekana. Lakini aliuonyesha. Hakuupata kwa sababu ya pete tu.

Kwa hiyo aliyeolewa mwaka jana akaingia nyumba iliyokwisha kujengwa asidai nusu yake. Hiyo ni tamaa, na tamaa ni dhambi hata ikivaa leso. Mali ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya ndoa, au shamba alilorithi kabla ya kuoa, kwa sheria si mali ya ndoa. Lakini sikia na hili, baba: mkeo akiweka nguvu au pesa kuliendeleza shamba hilo, akapanda chai, akajenga nyumba, akachimba kisima, sheria inampa haki kwa kadiri ya alichoongeza. Usimwambie "hii ni ya babangu" huku umeketi sebuleni alimojenga yeye.

Na deni je? Wengi wanataka kugawana nyumba lakini deni limfuate mmoja. Deni lililochukuliwa kwa faida ya ndoa ni la wote wawili, na sheria inaligawa sawa. Mkikopa pamoja karo ya mtoto, mtalipa pamoja hata kama hamsalimiani.

Na neno hili si la wanaume peke yao. Kuna dada zetu walioenda Saudia na Qatar kufanya kazi, wanatuma pesa kila mwezi kwa M-Pesa, na nyumbani mume ananunua ploti na kuiandikisha kwa jina la kaka yake. Hapo aliyeshuka vitani ni mama, na aliyebaki na mizigo ameiuza. Kuna pia baba aliyebaki na watoto wadogo miaka sita, akiosha nguo, akienda mikutano ya shule, mama akiwa ng'ambo. Mama akirudi anasema "nyumba ni yangu, nilijenga na jasho langu". La, mama. Aliyebaki na mizigo ana fungu lake, hata akiwa amevaa suruali.

"MCHUNGAJI, UNAFUNDISHA WATU KUACHANA?"

Najua swali hili litakuja. Malaki 2 inasema Mungu anachukia kuachana. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini soma mlango huo vizuri. Hapohapo Bwana anasema yeye ndiye shahidi kati yako na mke wa ujana wako. Shahidi! Na hapohapo anawakemea wanaojifunika dhuluma kama vazi. Mungu anayechukia talaka anamchukia pia anayemdhulumu aliyeachwa. Huwezi kuchukua nusu ya Malaki ukaacha nusu.

Na Musa je, katika Kumbukumbu la Torati 24? Alitaka mwanamke anayeachwa apewe hati mkononi, asitupwe barabarani kama mtu asiye na jina. Yesu akasema hayo yalikuja kwa sababu ya ugumu wa mioyo. Ndiyo, moyo ulikuwa mgumu. Na Mungu alipoona moyo ni mgumu, aliweka sheria ya kumlinda aliye dhaifu.

Nabii Mika, katika mlango wa pili, anawashtaki watu wa Mungu kwa jambo ambalo linanitetemesha: wanawafukuza wanawake kutoka nyumba walizozipenda, na watoto wao wananyang'anywa utukufu wa Mungu milele. Mika hakuwa wakili wa haki za wanawake kutoka Nairobi. Alikuwa nabii wa Bwana.

"LAKINI PAULO ALIKATAZA WALIOOKOKA KUSHTAKIANA"

Hapa ndipo wengi tumewafunga mdomo wanyonge. Mama analia, anaambiwa: "Muachie Bwana. Soma 1 Wakorintho 6. Usimpeleke ndugu mahakamani, utaaibisha kanisa."

Haya, tusome. Paulo anawauliza Wakorintho: hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yenu anayeweza kuamua? Maana yake ni kwamba kanisa lilipaswa kuamua, na kuamua kwa haki. Halikupaswa kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Kisha endelea mpaka mstari wa 8. Pale Paulo anamgeukia anayedhulumu ndugu zake. Na mstari wa 9 unaendelea na wasiotenda haki, ambao hawataurithi ufalme wa Mungu. Sasa niambie, aibu ya kanisa ni mama aliyeenda mahakamani, au ni mzee wa kanisa anayeshika kipaza sauti Jumapili huku watoto wake wamefukuzwa kwa nyumba ya kukodi?

Paulo mwenyewe, alipoona haki yake inauzwa, alikata rufaa kwa Kaisari. Iko Matendo 25. Hakutenda dhambi. Warumi 13 inatufundisha kwamba mamlaka ni mtumishi wa Mungu. Kwa hiyo kama wazee wa kanisa na wazee wa familia wamewaita, na mmoja amekataa haki, basi mlango wa mahakama si mlango wa kuzimu. Nenda ukiwa umeokoka, sema ukweli, usiongeze hata shilingi moja.

KORBANI YA SIKU HIZI

Kuna dhambi moja nataka kuitaja kwa jina lake. Ni kuficha mali ndoa inapoanza kuyumba. Gari linahamishiwa jina la rafiki. Pesa zinatolewa sacco kidogokidogo. Ploti inauzwa kwa bei ya kutupa, mradi mwenzako asipate. Na mwingine anafanya jambo baya zaidi: anachukua sehemu ya pesa hizo analeta kanisani, ili dhamiri itulie.

Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa desturi yao. Na unamjua Anania. Kosa lake lilikuwa kuficha huku akijifanya ametoa vyote.

Kwa hiyo nasema hadharani, na washirika wangu mnisikie: sadaka ya ploti iliyouzwa kwa siri ili mke au mume asipate fungu lake, madhabahu hii haiitaki. Usiniletee fungu la kumi la dhuluma. Rudi kwanza kwa mwenye haki, kama Zakayo alivyorudisha, ndipo uje.

Tena ujue kwamba sheria nayo inakuona. Katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kupeanwa wala kuwekwa rehani bila mwenzako kukubali. Wala hakuna mtu anayeruhusiwa kumtoa mwenzake katika nyumba ya ndoa kwa nguvu bila amri ya mahakama. Wale mashemeji mnaokuja usiku na pikapu kubeba viti, friji na mabati, mnafanya wizi. Damu ya familia haigeuzi wizi kuwa msaada.

SASA UFANYE NINI?

1. Kama ndoa yako bado iko, weka mambo kwenye nuru leo. Mnaponunua ploti, andikeni majina mawili. Sheria inachukulia kwamba mali yenye majina ya wote wawili ni yenu sawasawa, mpaka mtu athibitishe vingine. Na ikiwa na jina la mmoja lakini imepatikana ndani ya ndoa, inachukuliwa kwamba anamshikia mwenzake pia, ingawa jambo hilo linaweza kupingwa. Mnaopendana hamwogopi majina mawili. Na kama mnaishi tu pamoja, nendeni mkasajili ndoa. Mahakama haipaswi kuanza kwa kuuliza kama mlikuwa mmeoana.

2. Tunza karatasi. Nakala ya hati, ujumbe wa M-Pesa, kitabu cha chama, risiti za fundi, stakabadhi za karo. Hiyo si kukosa imani. Yeremia 32 inaonyesha nabii akinunua shamba, akitia sahihi mbele ya mashahidi, na hati zikiwekwa ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Nabii alitunza hati, wewe ni nani usitunze?

3. Anzeni mezani kabla ya kortini. Tafuteni watu wawili au watatu wenye hekima, wasiokula upande wowote. Andikeni kila kitu: mali, deni, na nani alifanya nini. Swali la kwanza liwe watoto watalala wapi na karo italipwa na nani. Msikubaliane kwa mdomo tu, wakili awaandikie.

4. Kama meza imeshindwa, nenda mahakamani mapema. Mgao wenyewe huja ndoa inapovunjwa kisheria, lakini unaweza kuiomba mahakama itamke haki yako hata kama kesi ya talaka haijafunguliwa. Ukihofia ardhi itauzwa, uliza wakili juu ya kuweka zuio katika ofisi ya ardhi. Huna pesa za wakili? FIDA Kenya huwasaidia akina mama, na serikali ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kutokuwa na pesa si sababu ya kunyamaza.

5. Kama kuna panga, vitisho au kipigo, usingoje kikao cha wazee. Toka na watoto, nenda polisi, au piga 1195, ni bure. Ploti itagawanywa ukiwa hai.

6. Usilipize kisasi. Usichome nyumba, usikate migomba, usiwafundishe watoto kumchukia baba yao au mama yao. Chukua fungu lako, uache fungu la mwenzako. Siku moja mtakutana kwenye harusi ya mtoto wenu, na mtoto huyo atataka awaone nyote wawili mmeketi.

Kwako wewe unayeshikilia hati leo, unayejua moyoni kwamba kuna mtu aliyelinda mizigo ukiwa vitani, nakusihi kama mtumishi wa Mungu: usingoje hakimu akulazimishe. Mpigie simu wiki hii. Mwambie, "Njoo tukae, tugawane kwa haki." Labda ndoa haitarudi. Lakini utalala usingizi, maombi yako hayatazuiliwa, na watoto wako watajifunza kwako haki inaonekanaje mtu anapoumia.

Na kwako uliyetolewa mikono mitupu, usijione huna thamani. Mithali 31 inamaliza kwa kusema mwanamke yule apewe matunda ya kazi ya mikono yake. Apewe, maana alikwisha kuyafanyia kazi. Ukiomba haki yako hujapungukiwa na wokovu.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, wewe ulikuwa shahidi siku waliyoweka agano, na ni shahidi leo wanapogawana vyombo. Wape wenye nguvu mioyo ya kuogopa dhuluma. Wape waliochoka ujasiri wa kusema. Walinde watoto wasigawanywe kama mali. Mtoe mtu mwenye hekima katika kila familia na kila kanisa, aamue bila kupendelea. Na nyumba ambazo bado zimesimama, zifundishe uwazi kabla ya machozi. Katika jina la Yesu Kristo.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA. Na kama kuna mtu unayemjua aliyebaki na mizigo, mtumie.

Mungu akubariki.
Mchungaji wako